Dawa Mpya za Saratani na Mtu wa Ulaya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mikumi)



   Katibu aliniandikia kwamba safari hii nisizungumzie mpira wala mapaa ya mabweni, bali nizungumzie jambo ninalolifahamu kwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa ufamasia. Nimehesabu vidonge vya serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo nikilala huota ninahesabu.

Wengi wenu mnajua kwamba kwetu ni Ulaya, na mmekwisha kunicheka vya kutosha kwa jina hilo. Kwa faida ya wageni, Ulaya yetu ni kata ya wilaya ya Kilosa, katika njia ya kutoka hapa Mikumi kwenda Kilosa mjini. Haina theluji, ina mahindi, mpunga na ufuta. Lakini leo nitazitaja Ulaya zote mbili, yetu na ile ya ng'ambo, maana kuna swali moja linalozisumbua zote: ikitokea dawa mpya ya saratani, nayo ni ghali kupita uwezo wa mtu mmoja, nani ailipie, na mgonjwa aipateje?

Hili si swali la wataalamu peke yao. Kwa makadirio ya Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na waliokufa ni takriban 27,000. Mwalimu Nyerere, aliyetufundisha kuwataja maadui wetu kuwa ni ujinga, maradhi na umaskini, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Ugonjwa huu haujui cheo wala kijiji.

Ndugu Mwenyekiti, tulipokuwa shuleni hapakuwa na mtu aliyeuliza bei ya dawa. Ukiumwa ulikwenda zahanati, ukapewa kilichopo. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na hazikuruhusiwa tena mpaka 1991. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Hata hivyo sera ilibakiza msamaha kwa watoto wadogo, waja wazito, wazee wasio na uwezo, na kwa magonjwa kadhaa ya muda mrefu, saratani ikiwa mojawapo. Aidha, mwaka 1996 hospitali ya Ocean Road, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa mwaka 1897 ufukweni mwa Dar es Salaam, ilifanywa kwa sheria ya Bunge kuwa Taasisi ya Saratani inayojitegemea.

Kwa hiyo kwa maandishi, mkulima wa Ulaya mwenye saratani hana deni. Ninalotaka kulisema leo ni hili: dawa kuandikwa kwamba ni haki yako ni jambo moja, na dawa kuingia katika mshipa wako ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna vizuizi vinne, kama vile vizuizi vya barabara kuu. Ukipita kimoja ukakwama cha pili, hujafika.

Kabla ya kuvitaja, nieleze kidogo maana ya dawa mpya. Si kila dawa ya zamani ni mbovu, wala si kila mpya ni bora. Katika miaka ya sitini, pale Mulago mjini Kampala, madaktari waliwatibu watoto wenye uvimbe wa taya, ule ulioelezwa na Daktari Burkitt mwaka 1958, kwa dawa ambazo leo ni miongoni mwa zilizo rahisi bei, na baadhi ya watoto wale walipona kabisa. Dawa hizo za zamani huua seli zote zinazokua haraka, mbaya na nzuri, ndiyo maana nywele hunyonyoka.

Dawa mpya nyingi hulenga. Mathalani imatinib, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kitu kimoja tu ndani ya seli za aina fulani ya saratani ya damu. Ugonjwa uliokuwa ukiua kwa miaka michache umekuwa kama kisukari: unameza kidonge kila siku na unaendelea kulima. Trastuzumab, ambayo wengi huijua kwa jina la biashara la Herceptin, hushika alama iitwayo HER2, inayopatikana kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya matiti. Ya tatu ni pembrolizumab, inayoamsha kinga ya mwili wenyewe.

Sasa tuvitazame vizuizi.

Kizuizi cha kwanza ni orodha. Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ya dawa muhimu, na nchi hutunga ya kwake. Trastuzumab iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, ikaingia katika orodha ya dunia mwaka 2015, pamoja na imatinib. Hesabuni wenyewe: miaka 17 kwa dawa ya matiti. Pembrolizumab iliongezwa mwaka 2025 kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa, ambayo hapa kwetu inaongoza miongoni mwa saratani kwa kuua kina mama. Orodha ina maana kubwa, kwa sababu hospitali ya umma na bima hutazama orodha ya taifa kabla ya kutoa fedha. Lakini orodha hailipi. Ni sawa na jina lako kutokea katika waliofaulu, na ada bado hujapata.

Kizuizi cha pili ni fedha, na hapo hata Ulaya ya ng'ambo hutokwa jasho. Uingereza hutibu watu wake kwa kodi tangu 1948. Mwaka 1999 waliunda chombo kiitwacho NICE. Chombo hicho huuliza: dawa hii inampa mgonjwa muda gani zaidi wa maisha yenye afya, na kwa bei gani? Kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka mmoja wa namna hiyo. Dawa ikizidi, aghalabu hukataliwa, au mwenye dawa hupunguza bei. Wananchi walilalamika, na mwaka 2011 serikali ikaanzisha mfuko maalumu wa dawa za saratani kwa ajili ya zile zilizokataliwa. Mfuko ulitumia zaidi ya pauni bilioni 1 ukapita bajeti yake, ikabidi uundwe upya mwaka 2016. Wataalamu walioupima mwaka 2017 walikuta kwamba kati ya matumizi 47 ya dawa yaliyolipiwa, 18 tu ndiyo yaliyokuwa na utafiti ulioonyesha wazi kwamba yanarefusha maisha.

Nawaambieni habari hii ili tujifunze mambo mawili. La kwanza, hakuna nchi inayonunua kila dawa mpya. Kukataa si ukatili, ilimradi kukataa huko kuwe na sababu inayosemwa hadharani. La pili, huruma isiyopima hula fedha ya mgonjwa mwingine.

Kwetu fedha za dawa hizi kwa miaka mingi zilitoka katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni bajeti ya serikali, ambayo hubeba wenye msamaha. Wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ambao uliwalenga kwanza watumishi wa umma. Wa tatu ni Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliopangwa kwa kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Huo wa tatu ndio uliokuwa karibu zaidi na mkulima, na ulikuwa mzuri kwa malaria, uzazi na upasuaji mdogo. Lakini ulipangwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Maana yake, kadi hiyo ya mtu wa Ulaya ilimfikisha Morogoro, na saratani ilimngoja Dar es Salaam. Kutoka hapo alitegemea msamaha.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa vya kuwalipia wasio na uwezo ni kodi za vileo, vinywaji baridi na michezo ya kubahatisha. Ni sheria njema. Swali tunalopaswa kuliuliza ni moja: ndani ya kitita cha mkulima, dawa za saratani zimo mpaka wapi?

Wengine husema tungoje wafadhili. Ni kweli wametusaidia. Dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, nyingi zililetwa kwa msaada wa Mfuko wa Dunia na serikali ya Marekani. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana, imeletwa kwa msaada wa Gavi. Hata imatinib, kwa miaka mingi, iliwafikia wagonjwa wetu pale Ocean Road kama zawadi ya kampuni ya Novartis kupitia shirika la Max Foundation. Nimewaona kwa macho yangu watu wanaoishi kwa zawadi hiyo, wala siidharau. Lakini zawadi ina mwenyewe. Mwaka 2025 Marekani ilipopunguza misaada ya afya ghafla, tulikumbuka kwamba mgeni akiondoka huondoka na taa yake. Isitoshe, saratani haijapata mfuko wa dunia kama ule wa UKIMWI.

Njia imara zaidi ni bei kushuka. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliinyima Novartis hataza ya imatinib, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa sehemu ndogo ya bei ya mwanzo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwa mara ya kwanza trastuzumab ya mfanano, yaani iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa ubora ule ule, kwa bei pungufu kwa karibu asilimia 65. Majirani zetu wa Kenya nao walikaa mezani na kampuni ya Roche. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba dozi moja ya Herceptin itashuka kutoka shilingi 120,000 za Kenya hadi 40,000, na bima yao ya jamii ilipe zote. Basi serikali inayonunua kwa wengi ina sauti ambayo mgonjwa mmoja hana.

Kizuizi cha tatu ni bohari. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili inunue kwa ajili ya hospitali zote za umma. Naisema kwa heshima, maana kazi hiyo naijua. Dawa ya saratani hainunuliwi kama panadol. Wagonjwa ni wachache, viwanda ni vichache, nyingine lazima zikae kwenye baridi tangu kiwandani mpaka kwa muuguzi. Hospitali ikichelewa kulipa deni, au ikikosea makisio ya wagonjwa, rafu hubaki tupu. Na matibabu ya saratani yakikatika katikati si sawa na kukosa dozi ya dawa ya minyoo. Unaupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Kizuizi cha nne ni kipimo na safari. Hapa, kwa ruhusa yake, nitasema habari za dada yangu, tumbo moja, anayelima kule Ulaya mpaka leo.

Alipata uvimbe kwenye titi. Zahanati ilimwandikia rufaa, na katika hospitali moja akakatwa kinyama. Kinyama kilikwenda maabara, jibu la saratani likarudi. Lakini ili apewe trastuzumab ilipaswa kipimwe ile alama ya HER2, na jibu hilo lilichukua wiki kumi na moja. Wiki kumi na moja, ndugu zangu, mahindi hutoka kupandwa mpaka kubeba gunzi. Alipoanza dawa, dozi ya nne ikafika siku ambayo haikuwepo. Tuliambiwa tukanunue nje. Bei ya chupa moja ilizidi mapato ya shamba lake la msimu mzima. Ukoo ukauza ufuta, wajomba wakachanga, tukanunua moja. Dozi iliyofuata ilikuwa imefika hospitalini. Alimaliza, na leo analima. Lakini alipokuwa akisimulia hakuzungumza sana juu ya dawa. Alizungumza juu ya nauli.

Tufanye hesabu aliyokuwa akiifanya. Dozi hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mmoja, yaani karibu mara 18. Kutoka Mikumi mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Kwenda na kurudi mara 18 ni zaidi ya kilomita 10,000, na bado hujatoka Ulaya kuja Mikumi. Ni nauli 36 kwa mgonjwa peke yake. Akiwa na wa kumsindikiza, nauli 72. Ongezeni malazi, chakula, na siku za palizi zilizopotea. Dawa yenyewe alipewa bure. Safari ndiyo iliyomuuzia mbuzi.

Kuna habari njema kidogo. Watafiti wa Uingereza, kwa fedha za umma, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 4,000 waliotumia dawa hii. Mwaka 2019 walichapisha matokeo kwamba baada ya miaka minne, waliotumia miezi sita na waliotumia mwaka mzima walikuwa karibu sawa: asilimia 89.4 na 89.8 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Madaktari bado wanajadiliana, maana utafiti mwingine uliofanyika Ufaransa haukufikia hitimisho hilo, na sehemu nyingi bado hutoa mwaka mzima. Lakini oneni maana yake kwa nchi kama yetu: dawa ya mmoja inaweza kutibu wawili, na safari 18 zikawa 9. Kampuni inayouza dawa haina haraka ya kuuliza swali kama hilo. Ni sisi wanunuzi wa kuliuliza.

Aidha, huduma zimeanza kutoka Dar es Salaam. Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi sasa hutibu saratani. Haingii akilini kwamba dripu iliyokwisha pangwa na daktari bingwa wa Ocean Road isiweze kutundikwa Morogoro, na muuguzi aliyefunzwa, huku moyo wa mgonjwa ukiangaliwa kwa kipimo kinachotakiwa. Hilo linahitaji mafunzo, jokofu na maelewano tu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kulalamika. Naleta mapendekezo manne mbele ya mkutano huu.

Kwanza, kila mmoja wetu mwenye kaya kijijini aikatie bima. Safari ya saratani huanzia zahanati, na mtu asiye na kadi huogopa hata hatua hiyo ya kwanza.

Pili, tuwahimize dada zetu na wake zetu wakapimwe mlango wa kizazi na matiti, na mabinti wapate chanjo. Dawa ghali kuliko zote ni ile inayotafutwa ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Tatu, tuna wanachama wenzetu walio madiwani, wakurugenzi na watu wanaosikilizwa na mbunge. Waulizwe swali lililo wazi: dawa za saratani zina fungu lake katika bajeti, au zinachota katika chungu kimoja na dawa za kikohozi? Na dawa ikikosekana, mgonjwa aambiwe itafika lini.

Nne, na hapa najua nitawaudhi wengine, chama chetu kina fedha zilizochangwa kwa ajili ya mnara wa kumbukumbu pale shuleni. Naomba mkutano ukubali theluthi moja ya fedha hizo iwe mfuko wa nauli na malazi kwa wagonjwa wa saratani wa kata zetu wanaokwenda Ocean Road. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali athibitishe rufaa, Mweka Hazina alipe nauli moja kwa moja, na hesabu isomwe hapa kila mwaka. Hatuwezi kununua trastuzumab. Hiyo ni kazi ya taifa. Lakini nauli tunaiweza, na nimekwisha waonyesha kwamba nauli ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani kabla ya dozi ya tano.

Mnara unaweza kuwa mfupi kidogo. Waliosoma shule ile hawatasahauliwa kwa kupungukiwa na mita mbili za saruji.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la nne lipigiwe kura kabla ya chakula cha mchana, maana baada ya pilau sisi wazee huwa tunakubali kila kitu na kusahau kila kitu.